Deki "Progresivu", Picha Ileile

Neno "progresivu" linalobandikwa kwenye deki za DVD lina harufu ya maendeleo, na hapo ndipo upotoshaji unapoanzia. Mnunuzi wa Lodwar, au mwenye kibanda cha video Kakuma, akiambiwa kuwa deki fulani ina progresivu skani, ni rahisi adhani amepata picha yenye mistari mingi zaidi. La hasha. DVD ya mfumo wa PAL, uliotumika Kenya, ina mistari 576, na progresivu skani haiongezi hata mmoja.

Tofauti imo katika namna mistari hiyo inavyotolewa. Deki ya kawaida hutoa mistari witiri kwanza, kisha shufwa, mafungu 50 kwa sekunde. Progresivu hutoa mistari yote ya picha kwa mfuatano, wa kwanza hadi wa mwisho. Runinga nene za zamani ziliundwa kupokea mafungu ya kupokezana tu. Aidha, ile waya ya manjano iliyozoeleka haiwezi kupitisha progresivu. Sharti ziwepo waya tatu za kijani, buluu na nyekundu, au ya HDMI. Bila hizo, pesa iliyoongezwa dukani imekwenda na upepo wa Turkana.

Runinga bapa nayo huonyesha mistari yote kwa pamoja, hivyo mafungu lazima yaunganishwe, iwe na deki au na runinga yenyewe. Deki hufaa pale tu inapoifanya kazi hiyo vizuri kuliko runinga. Kwa filamu kazi ni nyepesi, maana mafungu mawili hutoka katika picha moja. Katika mechi ya kandanda kila fungu lina wakati wake. Yakiunganishwa ovyo, mguu wa mchezaji huota meno kama kitana. Kiwambo kikiwa kikubwa, kama katika maonyesho ya uwanjani ambayo shirika la FilmAid lilianza Kakuma mwaka 2001, meno hayo huonekana kwa mbali.

Lakini adui mkubwa zaidi ni diski yenyewe. Ile ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Ikishindiliwa filamu kumi, picha imekwisha kuuawa kabla ya kufika kwenye deki.

Wanaisimu, basi, wanadaiwa istilahi, hata kama flashi na simu zinaisukuma DVD kando. Herufi "p" katika 1080p ya runinga za leo ni ya neno hilohilo. "Skani endelevu" ingerudia hadaa ileile. "Mistari mfululizo" na "mistari ya kupokezana" husema kinachotendeka, na mwuzaji wa Lodwar angeweza kumweleza mteja Mturkana, Msomali au Mkongomani papo hapo, kabla hajatoa pesa.