Kutojulikana si kuwa mwizi

Wandugu, leo tuongee juu ya jambo ambalo vijana wanaoandika programu wanalijua vizuri, ila wanaozitumia wengi hawalijui: antivirusi ikikosea, anayelipa ni nani?

Antivirusi inatafuta virusi kwa njia mbili kubwa. Kwanza inalinganisha faili na alama za virusi vinavyojulikana. Pili inakisia: faili hii inafanana na kitu kibaya? Imeshaonekana kwenye kompyuta ngapi? Shida inazaliwa kwenye kukisia. Ukiandika programu kwa Python na kuifunga kwa PyInstaller ili ifunguke kwenye Windows, ndani yake inaingia sehemu ya kuwashia ileile ambayo waandishi wa virusi nao wanaitumia. Basi, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hata wanaotunza lugha ya Go wamelazimika kueleza kwenye tovuti yao kwamba programu zake zinasingiziwa mara kwa mara, hasa kwenye Windows.

Yametupata na sisi. Tuliandika programu ndogo ya kuhesabu michango ya likelemba ya akina mama, tukaipeleka kwa flashi. Antivirusi ikaifuta palepale na kuandika kwa rangi nyekundu: Trojan. Sisi tulijua ni makosa. Lakini mama mweka hazina aliona nini? Aliona vijana wameleta virusi kwenye kompyuta yenye hesabu za watu. Jina lililochafuka lilikuwa letu, si la antivirusi.

Wakubwa nao wanakosewa. Tarehe 21 Aprili 2010, McAfee ilituma sasisho lililoona svchost.exe, faili ya Windows XP yenyewe, kuwa ni virusi. Kompyuta nyingi zikawa zinazima na kuwaka bila kutulia. Kosa lile lilirekebishwa haraka, maana walioumia walikuwa na sauti. Programu ya vijana wanne nani ataisemea? VirusTotal inapima faili kwa antivirusi zaidi ya 60, na ukisingiziwa na tano, unaandikia kampuni tano, moja moja. Ukitoa toleo jipya, pengine unaanza upya.

Tunaambiwa: nunueni cheti cha kusaini programu. Sawa, lakini mara nyingi bei yake ni mamia ya dola kwa mwaka, tena lazima uthibitishe wewe ni nani, au kampuni yako imesajiliwa wapi. Kijana mwenye karatasi ya mkimbizi tu aanzie wapi? Na cheti chenyewe kinasema nani ametengeneza programu, hakisemi kama ni salama. Mwenye pesa na karatasi anaaminiwa kwanza, wewe unashukiwa kwanza.

Hatusemi antivirusi ni adui. Flashi zetu zinapita kwenye kompyuta ngapi kwa siku? Bila antivirusi tungelia. Tunachodai ni kusema ukweli. "Hatuijui faili hii" na "faili hii ni virusi" ni maneno mawili tofauti. Isiyojulikana iwekwe pembeni, isifutwe.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Tusimwambie mteja hata siku moja "zima antivirusi kwanza," kwa sababu mwizi naye anasema hivohivo. Tupime faili kabla ya kuigawa, ila tukumbuke kwamba ukiiweka VirusTotal wengine wanaweza kuipata, kwa hiyo isiwe na siri za watu ndani. Tusibane kila kitu kwenye faili moja kama si lazima. Msimbo tuuache wazi ili anayejua aukague. Tukisingiziwa, tuandikie kila kampuni hata kama inachosha.

Nanyi mama na papa mnaotumia kazi zetu: tangazo jekundu likitokea, msilipuuze, wala msituhukumu hapohapo. Acheni kuifungua, mtupigie simu, tuje tuangalie pamoja.