Futa Orodha, Fungua Kitabu



Leo sina mapishi wala singo. Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na orodha zetu za vitabu vya kusoma.

Unaijua orodha ninayoisema, iko kwenye simu yako sasa hivi. Ilianza na vitabu vitano ulivyoviandika Ramadhani, ukanuia kuvimaliza kabla ya Idi. Kisha mtu akatuma kwenye grupu faili la PDF kuhusu malezi, ukalihifadhi. Ustadhat akataja kitabu katika darsa, ukakiandika. Ukaona picha ya kikombe cha chai pembeni ya kitabu chenye jalada zuri, nacho ukakitia. Leo orodha imefika vitabu 90, na kitabu ulichokimaliza mara ya mwisho hata jina lake hulikumbuki.

Nasema wazi, na anayetaka kununa anune: orodha hiyo si elimu, wala si mapenzi ya kusoma. Ni njia ya kujihisi msomi bila ya kusoma. Kila ukiongeza jina, moyo unapata raha kidogo kana kwamba kazi imefanyika, na kumbe hakuna kilichofanyika. Na anayeumia zaidi kwa mchezo huu ni bi harusi.

Wiki tatu kabla ya nikahi yake, binti wa dada yangu alikaa na mimi ukumbini tukichagua vitambaa. Akanionesha simu yake kwa fahari: vitabu 63 vya ndoa. Siri za mke mwema, namna ya kumtuliza mume, namna ya kuishi na mawifi, mambo 40, mambo 100. Nikamwambia, "Mashaallah mwanangu, umesoma vingapi?" Akacheka. "Nimeanza viwili, mama mdogo."

Nikamuuliza, "Mahari yako ni kiasi gani? Unapewa yote siku ya nikahi au nyengine inabaki deni?"

"Hayo anayajua baba."

"Na masomo yako? Umebakisha mwaka mmoja chuo kikuu. Mmekubaliana nini na mwenzio?"

"Akishanioa tutazungumza."

"Na mkaja na kilemba, unajua vinatofautiana vipi na mahari?"

Akanyamaza, akashika kitambaa akaanza kukikunja.

Msichana ana vitabu 63 mkononi, na hajui kwamba mahari ni haki yake yeye mwenyewe, si ya baba wala ya mjomba, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa bila ya ridhaa yake. Hajui kwamba mambo ya masomo na kazi yanazungumzwa kabla ya nikahi, mbele ya walii, wakati ambapo neno lake lina uzito. Mahari peke yake imo katika mlango mmoja wa kitabu kimoja cha fiqhi ya ndoa, kurasa chache za kusomwa jioni moja baada ya Isha. Lakini orodha ilimwambia kuwa anajiandaa, naye akaiamini.

Ndiyo maana siwezi kukubali ninaposikia "jamani, orodha haina madhara." Ina madhara. Inakaa pale ambapo elimu ingekaa.

Na wala msiniambie kuwa sisi hatukufundishwa kusoma. Tulifundishwa, tena vizuri. Kumbuka chuoni. Ulipewa Juzuu Amma, ukaanza na sura fupi, na hukuvuka sura moja kwenda nyengine mpaka mwalimu aridhike. Hakuna mtoto aliyekwenda chuoni na orodha ya sura anazotarajia kuzisoma siku moja. Ulikuwa na ubao au juzuu, na pahala ulipofika palijulikana: "Nimefika Wadhuha." Leo mwanamke mzima, mwenye digrii, ukimuuliza amefika wapi katika kusoma kwake, atakutajia vitabu anavyovitaka. Hatakwambia alipofika.

Hata masahaba, radhi za Allah ziwe juu yao, imepokewa kuwa walikuwa wakijifunza aya kumi, hawazivuki mpaka wajue maana yake na wazifanyie kazi. Neno la kwanza kumshukia Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, lilikuwa ni amri ya kusoma. Haikuwa amri ya kukusanya.

Tazama na bibi zetu wa mwambao. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa beti 100 na kidogo, wa nasaha za dini na za unyumba. Mama aliyehisi kuwa ajali yake imekaribia hakumwachia mwanawe orodha ya vitabu 60. Alimwachia kitu kimoja anachoweza kukishika kichwani. Utenzi ule ukanakiliwa kwa mkono na kusomwa na wanawake vizazi kwa vizazi. Yamo ndani yake mambo ambayo wanawake wa leo tunabishana nayo, na tubishane. Lakini utabishana vipi na kitu usichokisoma? Wengi wanaoutukana utenzi ule na wengi wanaousifu wanao tu kwenye simu, hawajaufungua.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu haina huruma. Chukua kurasa 10 kwa siku. Kitabu cha kurasa 200 kitakuchukua siku 20. Toa siku za wageni, za homa za watoto, za arusi na za misiba, na ukijitahidi sana utamaliza kitabu kimoja kwa mwezi, 12 kwa mwaka. Orodha yako ya vitabu 90 ni kazi ya miaka saba na nusu, kama hutaongeza hata kimoja. Nawe unaongeza. Ukitia vitatu tu kwa wiki, mwaka ukiisha umeongeza 156 na umesoma 12. Orodha kama hiyo haitamalizika kwa kusomwa. Itamalizika kwa kufutwa tu.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Nimetia nia, na nia ina malipo." Ndiyo, ina malipo kwa mwenye kukusudia kweli. Mtu anayekata tiketi ya boti kila siku na hafiki bandarini hana safari. Jiulize kwa ukweli, kitabu cha 47 katika orodha yako, umekinuia lini?

La pili: "Sina muda." Hili nalisikiliza kwa heshima. Wako wanawake kati yetu wanaoamka kabla ya Alfajiri na kulala baada ya kila mtu, na hakuna anayewashikia mtoto hata dakika kumi. Kwao tatizo si uvivu, na mume na watoto wakubwa wana la kujibu hapo. Lakini ikiwa ndivyo, orodha ya vitabu 90 inamsaidia nini mwanamke huyo? Inamwongezea deni tu, akilala anajiona amepungukiwa. Mwenye dakika kumi anahitaji kitabu kimoja karibu na mswala, kurasa mbili kila siku. Amali anayoipenda zaidi Allah ni ile ya kudumu ijapokuwa ndogo, sote tumefundishwa hivyo. Kurasa mbili kwa siku ni zaidi ya 700 kwa mwaka.

La tatu: "Nikivifuta nitavisahau." Visahau. Kitabu unachokihitaji kitakurudia, kwa sababu swali lake bado litakuwa linakusumbua. Na kisichorudi hukukihitaji. Mtume wetu alikuwa akijikinga kwa Allah na elimu isiyonufaisha. Sisi tunaihifadhi na kuisambaza kwenye magrupu matano.

Haya, tufanyeje?

Kwanza, anza na swali, usianze na jina la kitabu. Bi harusi, chukua karatasi uandike usiyoyajua. Mahari yangu inalipwa vipi? Matumizi na makazi yangu ni juu ya nani, hata kama nina mshahara wangu? Twahara ya hedhi na janaba nimeielewa, au nimesikiasikia tu? Talaka rejea ni ipi, khului ni nini, eda ni muda gani? Usione haya kuuliza hayo ati ni mkosi kabla ya harusi. Mwenye kujifunza kuogelea hajiombei kuzama. Kisha mwendee sheikh au ustadhat unayemwamini, umwambie: nipe kitabu kimoja chenye majibu haya. Kimoja.

Pili, weka nafasi tatu tu. Kimoja cha dini, kimoja cha maisha, kama malezi, afya au fedha, na kimoja cha kupumzisha roho. Ndiyo, na riwaya pia. Usimwonee haya mtu kwa kusoma Mali ya Maskini ya Zainab Burhani. Kipya hakiingii mpaka cha zamani kitoke, ama kwa kumalizwa, ama kwa kuachwa. Kuacha kitabu kisichokufaa si dhambi.

Tatu, tazama kabatini kabla ya simuni. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwana wa Unguja, alitufasiria Qur'ani nzima kwa Kiswahili, ikachapishwa 1969. Nyumba ngapi imo, imefungwa kitambaa kizuri, inateremshwa Ramadhani kwa Ramadhani? Tunahangaika na vitabu 100 kuhusu Qur'ani, na maana yake kwa lugha yetu ya mama iko juu ya kabati inaliwa na vumbi. Ikiwa orodha yako haina nafasi ya hicho, ichane leo.

Nne, soma na mwenzio. Shoga mmoja, dada mmoja, mkwe wako ukipatana naye. Kila mmoja amwambie mwenziwe amefika wapi.

Binti wa dada yangu? Usiku ule tuliweka vitambaa pembeni, tukasoma mlango wa mahari, mimi na yeye na mama yake. Mama yake, aliyeolewa miaka 27 iliyopita, alifika katikati akanyamaza, kisha akasema polepole, "Kumbe ile ilikuwa yangu." Hatukusoma zaidi ya pale usiku ule. Kesho yake asubuhi bi harusi wetu alikwenda kwa baba yake, kwa adabu, na maswali yake mkononi.

Basi dada yangu, kabla hujahifadhi makala hii uisome baadaye, fungua ile orodha. Bakisha vitatu. Vyengine vifute, uvue viatu, ukae chini, ufungue ukurasa wa kwanza.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, awabariki maharusi wetu wote, na atujaalie tuwe wenye kuyafanyia kazi tunayoyasoma. Aamin.