Dar es Salaam Haikujengwa na Pwani Peke Yake

Wako wasomi waandikao historia ya Dar es Salaam ya karne ya 20 kana kwamba mji ule ulijengwa na upepo wa bahari. Hutuhesabia magavana, majumba na meli, kisha hufunga kitabu. Sisi tulioko Nyalikungu twaikataa hesabu hiyo.

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa kambini mahali paitwapo leo Kariakoo; jina lenyewe ni la kikosi chao. Je, watu hao waliibuka baharini? Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928, pamba ya Usukuma, pamoja na ya Maswa, ikapata njia ya kushukia bandarini. Makuli walipogoma mwaka 1947, mgomo ulipanda reli iyo hiyo ukaingia bara.

Watasema siasa ilikuwa ya mjini, kwani TANU ilizaliwa huko mwaka 1954. Vema. Mbona basi serikali ya kikoloni iliiacha TANU mjini, ikaifungia milango katika Jimbo la Ziwa hadi mwaka 1958? Aliyekuwa akiogopwa ni mkulima wa pamba.

Mwanafunzi atakaye kuujua mji ule asikome penye nyaraka zake. Na aje huku awasikilize wazee. Kila mwaka twawazika, na ushahidi wao haumo katika kabati lolote.