Ni Nani Aliyekwambia? Kuipanga Safari ya Andalusia kwa Simu



Juma lililopita, baada ya Maghrib, alinijia jirani yangu akiwa na simu mkononi na uso uliochangamka. Mumewe amepata likizo, watoto wamefaulu mitihani, nao wamekata shauri waende Uhispania wakaione Granada na Córdoba, miji ambayo sisi tuliosomeshwa chuoni tuliijua kwa majina ya Gharnata na Kurtuba kabla hatujajua iko upande gani wa ramani. Alikuwa amekwisha kufungua kurasa zaidi ya thelathini. Ukurasa mmoja ulimwambia kwamba viza hupatikana kwa siku tatu. Mwingine ulimtaka alipie kibali kiitwacho ETIAS. Wa tatu ulikuwa tayari kumuuzia tiketi za Alhambra, na zimebaki nne tu, aharakishe.

"Dada yangu," akaniuliza, "nianze na upi?"

Nikamwambia aiweke simu chini kwanza, nimsimulie yaliyonipata mimi.

Mwaka juzi nilimpeleka mamangu Granada. Mamangu alifundisha wasichana chuoni kwa miaka mingi, kusoma na kuandika Kiarabu, na hamu yake haikuwa kuona Ulaya. Alitaka kusimama ndani ya majumba ya Banu Nasr, nasaba ya mwisho ya Kiislamu kutawala Granada hadi tarehe 2 Januari 1492, asome kwa macho yake maandishi yaliyochongwa kutani. Kaulimbiu ya watawala wale, kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, imerudiwa huko ukutani mara nyingi mno. Alisema atatafuta ile iliyochongwa kwa mkono mzuri kuliko zote.

Tiketi nilinunua mimi. Niliandika neno Alhambra kwenye simu, nikabonyeza jina la kwanza lililojitokeza juu, wala sikuliona neno dogo la "tangazo" lililokuwa ubavuni mwake. Ukurasa ulikuwa mzuri, wenye picha ya Uwanja wa Simba na chemchemi yake. Nililipa zaidi ya maradufu ya bei ya asili, jambo ambalo nilikuja kulijua baadaye. Siku ilipofika tukapanda kilima, tukazunguka bustani za Generalife, tukapanda ngome ya Alcazaba, kisha tukaenda kwenye mlango wa majumba yenyewe. Kijana aliyesimama pale akaipitisha tiketi kwenye chombo chake, akatikisa kichwa. Tiketi zetu zilikuwa za bustani na ngome. Majumba hayamo. Na za siku ile zilikuwa zimekwisha.

Mama alikaa juu ya benchi la mawe, akautazama ule ukuta kwa nje kwa muda mrefu. Kisha akanipigapiga gotini. "Basi mwanangu, ukuta tumeuona." Hakuniambia neno jingine la kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu siku ile nina swali moja ninaloliuliza kila ukurasa, nalo ni lile ambalo mama mwenyewe alikuwa akiwauliza wanafunzi wake walipomletea habari: ni nani aliyekwambia? Sisi ni umma uliozoea kuuliza habari imepokewa kwa nani. Yashangaza kwamba tukishika simu tunaisahau desturi hiyo, tukamwamini yeyote mwenye picha nzuri.

Alhambra inasimamiwa na taasisi ya serikali iitwayo Patronato de la Alhambra y Generalife, nayo ina tovuti yake yenyewe ya kuuzia tiketi, yenye anwani inayoishia na alhambra-patronato.es. Humo mtu huona wazi kwamba kuna tiketi ya jumla, inayoingiza hadi ndani ya majumba, na kuna ya bustani na ngome peke yake. Tiketi ya jumla hubeba jina na nambari ya pasipoti ya kila mtu, na hubeba saa ya kuingia majumbani. Ukichelewa saa hiyo, mlango umekupita hata kama umo ndani ya ngome. Watoto wadogo nao hukatiwa tiketi zao, hata wale wasiolipa. Na kwa kuwa idadi ya watu kwa kila saa ina kikomo, tiketi huisha majuma kadhaa kabla, hasa miezi ya watalii wengi. Kwa hivyo pale ndipo pa kuanzia: kwanza upate siku yenye nafasi Alhambra, kisha hoteli na treni zifuate siku hiyo. Wengi wetu huanza na ndege, tukaja kukuta mlango umefungwa.

Kuhusu viza, jirani yangu alishangaa nilipomwambia kwamba ule ukurasa wa siku tatu unasema uongo. Uhispania imo katika eneo la Schengen, na kanuni zake zimeandikwa waziwazi katika kurasa za Umoja wa Ulaya, ambazo anwani zake huishia na europa.eu, na za wizara ya mambo ya nje ya Uhispania, zinazoishia na gob.es. Angalia vizuri mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza, kwani walaghai hupenda kuliweka neno la serikali katikati ya jina lao refu. Humo utasoma kwamba ombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Kwamba uamuzi kwa kawaida huchukua hadi siku 15 na waweza kurefushwa hadi 45. Kwamba ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kwamba bima ya safari isipungue euro 30,000. Ada hairudishwi ombi likikataliwa. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa kinachotakiwa ni ithibati kwamba umeweka nafasi, usikimbilie kununua tiketi ya ndege isiyorudishiwa fedha kabla ya kuipata viza.

Ama ile ETIAS, ni kibali kilichokusudiwa watu wa nchi zisizohitaji viza. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza, basi ETIAS haimhusu, na anayemuuzia anamuuzia hewa. Vilevile tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole. Hilo hufanyika mpakani, bila malipo yoyote. Nimesikia kuna vijana mjini wanaowatoza watu "ada ya vidole" mapema. Waulizeni risiti ya nani.

Dada zangu, mambo mawili yanatuhusu sisi zaidi. La kwanza, picha ya viza yaweza kupigwa na hijabu, mradi uso wote uonekane, kuanzia kidevuni hadi juu ya paji, pasiwe na kivuli. Mpiga picha akikuambia lazima ufunue kichwa, mtafute mwingine. La pili, mama anayesafiri na watoto bila ya baba yao atatakiwa kibali cha maandishi cha baba. Wengi wetu waume zetu wako melini au Ghuba, na karatasi kama hiyo haipatikani kwa siku moja. Ianzeni mapema kuliko karatasi nyingine yoyote.

Tukafika kwenye majira. Likizo ndefu zinazotufaa ni Agosti na Desemba, na hapa ndipo penye mtihani. Tarehe 14 Agosti 2021, mahali paitwapo La Rambla, katika mkoa wa Córdoba, joto lilifika nyuzi 47.6. Hakuna siku ya Mombasa iliyokaribia hapo. Idara ya hali ya hewa ya Uhispania, AEMET, ina tovuti yake, na mwenye wazee au mtoto mchanga na aisome kabla ya kuchagua mwezi. Desemba Granada ni baridi kali, theluji ikionekana milimani, lakini mtu aliyejifunika vyema hutembea kwa raha, na umati hupungua. Likizo ya Aprili ni nzuri ikiwa haikugongana na wiki ya Pasaka, ambayo huko hujaza kila kitanda.

Majira hubadilisha Swala pia. Sisi tulio karibu na ikweta Maghrib yetu haisogei sana mwaka mzima. Granada mwezi wa Juni jua huzama kiasi cha saa tatu na dakika arobaini usiku, na Isha huingia baada ya saa tano. Mtoto mdogo atakuwa amelala zamani. Programu ya nyakati za Swala ipangwe kwa mji wenyewe, na ilinganishwe na ratiba ya msikiti wa pale. Granada upo msikiti, katika mtaa wa kale wa Albaicín, uliofunguliwa mwaka 2003, na kutoka bustani yake Alhambra huonekana ng'ambo ya bonde. Lakini Córdoba, ule msikiti mkuu ulioanzishwa na Abdurrahman wa Kwanza katika karne ya nane ni kanisa tangu 1236, na Swala hairuhusiwi ndani yake. Waelezeni watoto kabla hamjaingia, wasije wakafedheheka mbele ya walinzi kwa kurukuu.

Nisisahau: andikeni Granada na Córdoba kwa tahajia ya Kihispania, mkaongeze neno España. Iko Granada nyingine Nicaragua, na Córdoba nyingine kubwa iko Ajentina, na hoteli ya bei nafuu inayokuvutia yaweza kuwa ng'ambo ya Atlantiki.

Chakula ndicho kilichotuchukua muda mrefu zaidi, hadi uji ukapoa. Kuna taasisi iitwayo Instituto Halal, makao yake Córdoba, inayotoa vyeti vya bidhaa halali, na alama yake hupatikana kwenye vyakula vya dukani. Mikahawa ni kazi nyingine. Neno "halal" dirishani ni dai la mwenye duka, basi soma maoni ya waliokula hapo, utazame tarehe zake, uzipe uzito picha walizopiga wageni kuliko alizoziweka mwenye mkahawa. Na kabla ya yote, jifunzeni maneno machache. "Cerdo" ni nguruwe, "jamón" ni paja lake lililokaushwa, "manteca de cerdo" ni mafuta yake, "vino" ni mvinyo. Hayo mafuta ndiyo hujificha: zile biskuti laini za sherehe ziitwazo "mantecados" na "polvorones" kwa desturi hutengenezwa nayo, na hakuna mtoto atakayeshuku biskuti. Kinyume chake, kuna kitamu kiitwacho "tocino de cielo," ambacho jina lake lina neno la mafuta ya nguruwe, ilhali asili yake ni viini vya mayai na sukari tu. Kwa hivyo msisome jina, someni viungo.

Mama alipokuwa huko aliyashika maneno upesi kuliko sisi. Alipoona "azúcar" alisema ni sukari. Alipoona "aceituna" alisema ni zeituni, akacheka peke yake katikati ya duka. Mwenye nyumba tuliyopanga alipomtakia "ojalá" arudi tena, nilimweleza mama kwamba neno hilo limetokana na Kiarabu, kumwomba Mungu ajaalie jambo. Akaitika "Amin" kwa sauti.

Naye amejaaliwa. Mwezi uliopita niliketi naye barazani, simu kati yetu, tukaingia katika tovuti ya Patronato. Tukachagua tiketi ya jumla, ya mwezi wa Desemba, saa nne na nusu asubuhi. Niliandika jina lake, akaniomba simu, akavaa miwani, akaleta pasipoti yake kutoka kabatini. Akalisoma jina herufi kwa herufi, kisha nambari, tarakimu kwa tarakimu. Kisha akaniuliza mara tatu kama neno lile la Kihispania, "Palacios Nazaríes", ndilo la majumba yenyewe. Nikamwambia ndilo. Hapo ndipo aliponiruhusu nilipe.