Anayetia Saini na Anayelipa

Tarehe 5 Desemba 2016, madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma, na mgomo wao ukadumu siku 100. Hawakuwa na dai jipya. Walitaka kulipwa kulingana na mkataba ambao chama chao, KMPDU, kilitia saini na Wizara ya Afya Juni 2013. Februari 2017 viongozi saba wa chama walitupwa jela kwa kukaidi amri ya mahakama, wakaachiliwa siku chache baadaye. Walioumia zaidi ni wagonjwa wasiomudu hospitali za kibinafsi.

Kwa nini mkataba halali ukakwama hivyo? Mwaka 2013 ndipo ugatuzi ulipoanza, na hospitali nyingi zikawa chini ya kaunti. Wizara ilitoa ahadi ambayo sehemu kubwa ya gharama yake ingebebwa na magavana, ambao hawakuwa mezani. Juu yao kulikuwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC), inayoishauri serikali kuhusu malipo ya watumishi wa umma.

Majadiliano ya pamoja yenyewe yana nguvu. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, kiongozi wa wafanyakazi Tom Mboya akasimamia upande wao, na mgogoro ulipotatuliwa mishahara ilipanda kwa asilimia 33. Kuli mmoja mmoja asingepata hata robo ya nyongeza hiyo. Leo Kifungu cha 41 cha Katiba kinalinda haki ya majadiliano ya pamoja, na sheria ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kukitambua chama chenye wanachama wengi miongoni mwa wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga. Mkataba ukishasajiliwa mahakamani, unawafaidi hata wafanyakazi wasio wanachama.

Walimu nao wanajua tofauti ya karatasi na pesa. Mkataba wao wa Julai 2021 na Tume ya Huduma kwa Walimu haukuwa na nyongeza hata ya shilingi moja. Iliwabidi wasubiri hadi 2023 ndipo ukaongezewa sehemu ya mishahara, yenye nyongeza ya kati ya asilimia 7 na 10.

Wanaopinga nyongeza hizi wana hoja nzito: kodi inayolipa mishahara ndiyo inayonunua dawa na kujenga madarasa. Katika sekta ya kibinafsi, mwajiri anayelemewa na mishahara huenda akanunua mashine, na wachuma chai wa Kericho wameiona hatari hiyo mashambani. Lakini hoja hizo zinapaswa kutolewa kabla ya saini. Kuzitoa baadaye ni kumdhulumu mfanyakazi aliyekwisha kuacha madai mengine ili mapatano yafikiwe.

Mwaka 2024 kosa la zamani lilirudiwa. Mkataba wa 2017, uliofuata mgomo ule wa siku 100, uliwapa madaktari wanagenzi shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ikataka kuwalipa 70,000. Mgomo mwingine ukafuata, wa siku 56.

Dawa ipo. Hazina ya Taifa, Baraza la Magavana na SRC wakae mezani tangu kikao cha kwanza, na mkataba usitiwe saini kabla gharama yake ya kila mwaka haijaandikwa na kutengewa fedha katika bajeti.