Kabla ya kuruka, nani amekukagua?

Jogoo Road, saa kumi na mbili jioni, upande wa Hamza. Matatu imejaa hadi mlangoni na vijana watatu wamedandia nje, mkono mmoja umeshika chuma, mguu mmoja unaelea hewani. Dereva akikanyaga mafuta wanapiga mluzi. Gari likikaribia stage wanaruka kabla halijasimama, wanakimbia nalo hatua nne tano, kisha wanatembea zao kama hakuna kilichotokea. Mimi nimekulia hapa Makadara na nimeyafanya hayo. Asiyejua kudandia alionekana mtu wa kuletwa mjini juzi.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwenzetu mmoja aliruka vibaya akaanguka kwa kisogo. Alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi, maneno yanamtoka polepole kama ya mzee. Tulienda kumwona mara moja, tukanywa chai kwao, mama yake akatushukuru kwa kuja. Jumatatu iliyofuata tulidandia tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Wasee, leo tuingie ndani." Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kuliko hata ajali yenyewe.

Nimelikumbuka kwa sababu siku hizi kila nikifungua simu naona video za watu wakiruka kutoka kwenye ndege. Vijana wa mtaa wanazitumiana, na maoni chini yake ni yale yale: hawa ni wazimu, hawa wana pesa, hawa hawajui maisha ni magumu. Nakubali hilo la pesa. Seti nzima ya parachuti ikiwa mpya ni kama kununua Vitz iliyotumika. Lakini wazimu? Hapo ndipo tunapokosea, na kukosea huko kunatugharimu sisi tunaodandia.

Kwa wengi wetu, parachuti ni kitu cha sikukuu za kitaifa. Wanajeshi wanashuka uwanjani na bendera ya taifa ikipepea chini ya miguu yao, watu wanashangilia, basi. Jeshi letu lina kikosi kizima cha kazi hiyo, batalioni ya 20 Para. Raia naye akitaka kuruka, jina analotajiwa ni Skydive Diani, kule Kwale, ambako unafungwa kifuani kwa mwalimu, mnapandishwa na ndege ndogo, na mnashuka mkiona bahari na miamba ya matumbawe chini yenu. Mnaanguka kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa kwa muda usiofika dakika moja, kisha parachuti inafunguka na dunia inanyamaza. Hiyo ndiyo sehemu inayowekwa mtandaoni.

Sehemu isiyowekwa mtandaoni ndiyo ningependa kila kijana wa Bahati, Maringo, Jericho na Ofafa aijue.

Anza na begi lenyewe. Ndani yake kuna parachuti mbili, si moja. Ile kubwa unaifungua kwa kutupa kiparachuti kidogo ambacho upepo unakidaka na kuvuta mengine yote. Ikifunguka vibaya, unaikata iende zake, na hukatii kwa kisu. Mabegani kuna pete tatu za chuma zilizopangana, kubwa inashikwa na ya kati, ya kati na ndogo, na ile ndogo inashikwa na kitanzi cha uzi. Uzito wa mtu mzima unapungua kutoka pete hadi pete mpaka unabaki mvuto mdogo ambao waya mmoja mwembamba unauweza. Ukivuta waya, kila kitu kinaachia. Mmarekani Bill Booth ndiye aliyeibuni njia hiyo miaka ya 1970. Baada ya kukata, unavuta ya akiba.

Je, ukizimia, au ukichanganyikiwa usivute chochote? Kuna kisanduku kidogo cha kielektroniki kinachopima kimo na kasi. Kile kinachojulikana zaidi, CYPRES, kilitoka Ujerumani mwaka 1991. Ukifika kama mita 225 kutoka ardhini na bado unaanguka kama jiwe, kinakata kamba iliyofunga parachuti ya akiba nayo inatoka yenyewe.

Parachuti hiyo ya akiba haikunjwi na mtu yeyote tu. Kule Marekani sheria inataka ifunguliwe, ikaguliwe na kukunjwa upya na fundi mwenye leseni kila baada ya siku 180, hata kama haijatumika. Fundi huyo anatia sahihi kwenye kadi inayokaa na begi. Maana yake ni kwamba ukiivuta siku moja ukiwa kati ya mbingu na ardhi, kuna binadamu mwenye jina aliyesema: hii nimeishika mimi, itafunguka.

Halafu kuna kukaguana. Kabla ya kuvaa unajikagua. Kabla ya kupanda ndege mwenzako anakugeuza, anafungua kifuniko cha nyuma, anaangalia pini, anaangalia mikanda ya miguu. Mle ndani, kabla mlango haujafunguliwa, mnakaguana tena. Aliyeruka mara elfu moja anakaguliwa na aliyeruka mara thelathini, na hakuna anayesema, "Wewe mtoto, unanifundisha kazi?" Na ukifika juu ukahisi leo moyo haukubali, unabaki umeketi na kushuka na ndege. Rubani hakuulizi. Kwenye viwanja vinavyojiheshimu hutaona mtu akichekwa kwa hilo. Hao watu wana mzaha mwingi sana, na wana desturi kwamba ukifanya jambo lolote kwa mara ya kwanza, kreti ya bia jioni ni juu yako. Lakini mzaha huo unajua mpaka wake.

Linganisha na sisi. Kwetu anayekataa kuruka ndiye anayebandikwa jina, na jina hilo linaweza kumfuata mpaka amalize shule.

Sasa, kuna jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza kufuatilia mchezo huu. Ungedhani watu wengi hufa kwa sababu parachuti imekataa kufunguka. Wapo. Lakini kwa miaka mingi sasa sehemu kubwa ya vifo imetokea chini ya parachuti iliyofunguka vizuri kabisa, isiyo na tundu wala kamba iliyosokotana. Mtu anapinda kwa nguvu akiwa karibu na ardhi na kuifikia kabla parachuti haijanyooka. Kile kisanduku cha kielektroniki hakiwezi kumsaidia, kwa sababu kwa hesabu zake parachuti iko wazi na mtu yuko salama.

Wanapinda kwa sababu gani? Ni tamu. Upo mchezo mzima wa kuendesha parachuti ndogo zenye kasi. Rubani anapinda kwa makusudi ili apate mwendo, kisha anateleza sambamba na maji, miguu ikikaribia kuyagusa. Mashindano yake hupima kasi, umbali na shabaha ya kutua. Bwawa liko pale ili ukikosea uloe badala ya kuvunjika. Kiini cha mchezo huo ni hesabu rahisi: uzito wako pamoja na mzigo, gawanya kwa ukubwa wa kitambaa. Chukua mtu wa kilo 70 mwenye mzigo wa kilo 12. Hizo ni pauni 180 hivi. Chini ya parachuti ya futi mraba 180, kila futi inabeba pauni moja, na parachuti inamsamehe makosa mengi. Mpe ya futi mraba 90 na kila futi inabeba pauni mbili. Ni mtu yule yule na upepo ule ule, lakini sasa kosa la nusu sekunde ni mfupa wa paja. Mabingwa hupanda hata juu ya hapo. Wamefika kwa kushuka saizi moja baada ya nyingine, kwa mamia ya miruko, na kwenye viwanja vizuri kuna mzee wa kazi anayeangalia unavyotua kabla ya kukukubalia ndogo. Mwanafunzi hata leseni ya kwanza ya chama cha Marekani haipati kabla ya kuruka mara 25, na siku hiyo bado yuko chini ya parachuti kubwa, pana na ya polepole, ile ambayo mtaani tungeiita gari la nyanya.

Bill Booth huyo wa pete tatu alishasema kwa mzaha wenye uchungu kwamba kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama, ndivyo watu wanavyozidi kujitia hatarini, hata idadi ya vifo ikabaki pale pale. Ukimjua kijana aliyenunuliwa helmeti nzuri na nduthi kubwa wiki moja, unaelewa alichomaanisha.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Ujasiri Eastlands upo wa kutosha, hatuhitaji mtu wa kutuhamasisha. Tulichokosa ni yule wa kukugeuza na kuangalia pini. Manamba ndiye anayeweza kuanza. Ana sauti, ana mlango, na vijana wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa polisi. Akikataa kupiga bodi kuashiria dereva aondoke kabla aliyedandia hajaingia, mchezo umeisha. Naelewa ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye gari jioni. Bado nasema anaweza, na wenye magari wasimsukume kufanya kinyume. Sisi wenyewe nasi tuache kumpa jina mwenzetu anayesubiri gari lisimame.

La pili ni la kazi, na hapa nawaomba wakubwa wasikilize. Mwaka 1912, Februari 4, fundi wa nguo aitwaye Franz Reichelt alipanda mnara wa Eiffel jijini Paris akiwa amevaa suti aliyoishona mwenyewe igeuke parachuti. Alikuwa ameruhusiwa kujaribu kwa kutupa mwanasesere. Alipofika pale akasema ataruka yeye. Marafiki walimsihi, hakusikia. Akaruka kutoka orofa ya kwanza, zaidi ya mita 50, na akafa papo hapo mbele ya kamera. Watu humtaja ili wamcheke. Mimi naona fundi hodari ambaye hakuwa na mtu wa kumkagulia kazi yake, na waliojaribu hawakuwa na mamlaka ya kumzuia.

Nenda Uhuru Market leo uone mafundi wetu. Sare za shule za nusu ya nchi hii zinapita mikononi mwao. Wanajua kitambaa, wanajua uzi, wanajua mshono utakaokatika na utakaodumu. Fundi wa parachuti naye, ukiondoa leseni, anashinda kwenye cherehani: kubadilisha kamba, kushona mikanda, kuziba palipochanika, kukunja kwa mpangilio usiobadilika. Sisemi mtu atoke kushona kaptura asubuhi na jioni ashone parachuti, hapo tutazika watu. Nasema NITA inawapima mafundi wa cherehani na kuwapa vyeti vya daraja. Pale Embakasi, safari fupi ya matatu kutoka hapa, kuna chuo cha usafiri wa anga cha East African School of Aviation. Jeshi nalo lina watu wanaozijua parachuti kwa miaka mingi. Watatu hao wakae meza moja waanzishe kozi, hata ya wanafunzi kumi kwa mwaka. Soko la ndani ni dogo, sikatai. Lakini mashua za Pwani zinahitaji matanga, wanaoruka na miavuli kule Iten juu ya Bonde la Kerio wanahitaji ukarabati, malori yanahitaji turubai na mikanda ya mizigo. Mkono ni ule ule, na cheti kinavuka mpaka.

Na wewe uliyeweka akiba ya chama mpaka ikatosha kwenda Diani likizo ya Desemba, usianze kwa kuuliza bei ya video. Fika mapema. Omba usimame kando uangalie wanavyokunja parachuti. Uliza ile ya akiba ilikaguliwa lini mara ya mwisho na nani alitia sahihi. Uliza upepo ukizidi kiasi gani hawarushi watu. Wakikujibu bila kukasirika, vaa mikanda. Mwalimu akianza kukugeuza na kukuvutavuta kama fundi anayekupima suti, mwache amalize, hata ukiona wenzako wameshapanda ndege.