Marhamu Isiyo na Burhani

Aliyepata kumuuguza mgonjwa ambaye koo lake limekataa dawa hawezi kumlaumu tabibu atafutaye njia nyingine ya kumfikishia nafuu, na aghalabu njia ya kwanza kumjia akilini ni ngozi, maana kupaka hakuumizi. Ndivyo ilivyokuwa Marekani, ambako wafamasia walichanganya lorazepamu, difenhidramini na haloperidoli katika jeli, nayo ikapakwa kwenye kifundo cha mkono cha wagonjwa walio mwishoni mwa uhai, ili kichefuchefu kiwatoke.

Nia ilikuwa njema. Lakini nia si burhani. Mwaka 2012 zilichapishwa habari za watu 10 wenye siha waliopakwa jeli hiyo, kisha damu yao ikapimwa: lorazepamu na haloperidoli hazikuonekana kabisa, na difenhidramini ilionekana kwa baadhi yao tu, tena kwa kiasi haba. Tabaka la juu la ngozi, ambalo ni seli zilizokufa zikashikamanishwa kwa mafuta, kazi yake ni kuzuia. Nikotini na fentanili hulipenya, lakini kupenya kwao si dhamana ya dawa nyingine. Hata krimu za maumivu sugu zilizochanganywa na wafamasia, zilipojaribiwa katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed kwa watu 399, matokeo yakatangazwa mwaka 2019, hazikuishinda kwa kiasi cha maana krimu tupu isiyo na dawa.

Wala sisemi kwamba kila dawa ya kupaka ni hadaa. Kidonda cha saratani kilichopasuka hakina tena ngozi ya kuzuia, na metronidazoli ipakwayo hapo huwaua bakteria waletao harufu bila kuhitaji kufika katika damu. Ndiyo maana wauguzi wa tiba shufaa, wakikosa jeli, husaga vidonge na kunyunyiza unga wake juu ya jeraha, na mgonjwa akarejeshewa heshima ya kukaa na jamaa zake.

Basi mfamasia achanganyaye dawa na awajibike kueleza inakusudiwa kufika wapi, na kwa ushahidi gani. Na kinywa kikishindwa, zitumike kwanza njia zilizokwisha kuthibitishwa, chini ya ulimi, kwa njia ya haja kubwa, au kwa sindano ya chini ya ngozi. Mgonjwa aliyebakiwa na siku chache ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kupewa dawa iliyothibitika, kwa kuwa saa anazopotezewa hatazipata tena.